Bahari Ndani ya Friji Bovu

Sesilia Nang'unda alipewa sifuri kwenye swali la sita siku ya Jumatano. Kufikia Jumamosi alasiri alikuwa ameiweka bahari ya kaskazini ya dunia kwenye uwanja wa kituo cha masomo, Mtoni, ndani ya friji bovu lililolazwa chali juu ya matofali. Katika siku hizo tatu hakuomba msamaha, hakutuma mtu wa kumsemea, na hakukubali kubadili hata neno moja la jibu lake.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyopauka kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko. Weupe ule si ugonjwa. Ni miaka ishirini na mbili ya kushika barafu. Alikuja kutoka Newala na binti yake Herieth mgongoni, binti ambaye leo ni mama wa watoto wawili huko Masasi, na kazi ya kwanza aliyoipata Dar es Salaam ilikuwa kwenye kiwanda cha barafu, upande wa chini wa barabara ya Kilwa, pale ardhi inapoanza kushuka kwenda kwenye mikoko. Aliajiriwa kusafisha chujio.

Kiwanda kile ni ukumbi mrefu wenye paa la bati. Ndani yake kuna tangi la maji ya chumvi yaliyo baridi kuliko barafu yenyewe, na hayagandi kwa sababu ya chumvi. Mikebe mirefu ya bati iliyojazwa maji matamu huzamishwa humo, na kesho yake kila mkebe umezaa tofali la barafu lenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Winchi huinyanyua mikebe na kuichovya kwenye bwawa la maji ya kawaida ili barafu iachie. Matofali huteleza yakatoka, yakaelea bwawani kusubiri kuvutwa kwa kulabu. Bwawa hilo liko mbele ya mlango mkubwa, na upepo wa kusi ukianza, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, huingia mlangoni na kupita juu ya maji kama mtu anayepita sebuleni kwake.

Chujio liko chini ya bwawa. Takataka zote huishia hapo: maranda, kutu, nyuzi za kamba, mbawa za kumbikumbi. Kwa miaka minne kazi ya Sesilia ilikuwa kuzamisha mkono na kulisafisha. Hapo ndipo aliposoma, ingawa hakuna aliyempa daftari. Aliona kwamba bwawa likiwa tupu, upepo huukunja uso wa maji tu, na takataka za chini hulala zilipo. Matofali yakijaa ukuta kwa ukuta, upepo hupita juu na maji ya chini hukaa kimya kama maji ya kisima kilichofunikwa. Lakini siku bwawa lilipokuwa na vipande vilivyovunjika, vingi, vyenye nafasi ya kutembea, ndipo maji yote yalipoamka. Upepo ulivisukuma vipande, vipande vikayavuta maji, maji yakazunguka mpaka chini, takataka zikainuka, na chujio likaziba mara tatu kwa zamu moja. Ikawa kila asubuhi akifika anatazama kwanza bwawani, kisha mlangoni, na anajua mkono wake utaingia kwenye maji mara ngapi siku hiyo.

Elimu ya namna hii haina mahali pa kukaa. Haiingii kwenye barua ya kuomba kazi. Humkaa mtu kwenye mifupa ya vidole, na wakati wa baridi humuuma.

Miaka miwili iliyopita kiwanda kilibandika tangazo la nafasi ya msimamizi wa zamu. Sesilia alikuwa ameshaifanya kazi hiyo miezi minane bila cheo, tangu mzee aliyekuwepo alipostaafu. Akaandika barua. Aliitwa ofisini, akapewa kiti, akaambiwa kwa upole kwamba cheti cha kidato cha nne ni lazima, na yeye aliishia darasa la saba. Aliyepewa nafasi ni kijana mwenye adabu zake, jina lake Daniel, ambaye kwa miezi ya mwanzo alimwuliza kila kitu. Mama, hii sauti ya mashine ndiyo yake? Mama, chumvi imetosha? Naye alimjibu kila swali. Mwezi uleule akaenda kujiandikisha kwenye masomo ya watu wazima. Wenzake walipomwuliza kama bado anaitaka ile nafasi, alisema hajui. Alichojua ni kwamba hataki tena kuambiwa jambo kwa upole.

Kituo cha masomo ni vyumba vitatu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na uwanja wenye mlimau mmoja na rundo la matofali ya saruji yanayosubiri mteja. Masomo huanza saa kumi. Huja fundi bomba, mama lishe, walinzi wanaotoka zamu na walinzi wanaoingia zamu. Huja Loveness, msusi mwenye saluni yake Mtoni, ambaye hukaa mstari wa nyuma na kusema kwa sauti kila kitu ambacho wengine wanakifikiria. Yeye ndiye aliyempa Sesilia jina la Mama Barafu, na jina likamganda.

Mkuu wa kituo, Mwalimu Monica, ana kanuni moja ambayo haijawahi kulegezwa. Kabla ya mtihani wa taifa hufanyika mtihani wa majaribio, na jina la mtu haliingii kwenye orodha ya watahiniwa wa kituo mpaka apate alama thelathini kwa kila somo. Asiyepata anasubiri mwaka mwingine. Sesilia alikuwa ameshasubiri mwaka mmoja, kwa sababu ya hesabu. Mwaka huu hesabu alipata arobaini na moja, Kiswahili sabini, historia hamsini na kitu. Jiografia, somo alilolipenda kuliko yote, alipata ishirini na sita.

Swali la sita lilitaka mtu aeleze jinsi upepo unavyoyaendesha maji ya bahari, na jinsi barafu inayoelea inavyobadilisha kazi hiyo kwenye bahari za ncha za dunia. Alama kumi. Sesilia aliposoma swali lile kwenye chumba cha mtihani alitabasamu peke yake. Akajibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwa sababu mtihani ndivyo unavyotaka. Aliandika kwamba upepo kwenye maji matupu hauna pa kushika, unateleza. Lakini barafu iliyovunjika ina ubavu juu na ubavu chini. Ule wa juu unashikwa na upepo, ule wa chini unayashika maji. Kwa hiyo vipande vya barafu huyasukuma maji kuliko upepo ukiwa peke yake.

Mwalimu Edgar, kijana wa miaka ishirini na minane kutoka Bukoba, alipiga mkasi mwekundu kutoka kona hadi kona.

Jumatano ile alirudisha karatasi na kusahihisha mbele ya darasa. Alipofika swali la sita akasema, "Hapa wengi mmepata. Barafu ni kifuniko. Ikifunika bahari, upepo haugusi maji, mkondo unapungua. Jibu ni hilo, jepesi tu."

Sesilia akanyoosha mkono. "Mwalimu, mie umenipa sifuri."

"Ndiyo, mama. Umeandika kinyume."

"Sijaandika kinyume. Nimeandika kilichopo."

Kutoka nyuma Loveness akasema, "Jamani, Mama Barafu kakatwa kwenye barafu. Ingekuwa swali la jangwa tungeelewa."

Darasa likacheka. Sesilia hakugeuka.

"Kama ni Kiingereza kibovu, nikate," alisema. "Hilo nakubali. Ila umekata maana."

"Mama, sikiliza." Edgar alikuwa na sauti ya mtu aliyefundishwa kuwaheshimu wakubwa na ambaye kwa wakati huo heshima inamtesa. "Ukiweka kitu juu ya maji, umeyakinga. Ndiyo maana ya kifuniko. Mwongozo wa kusahihishia unasema hivyo, mie siwezi kuutupa kwa sababu ya... kwa sababu mtu anafanya kazi kiwandani."

"Mwongozo umeandikwa na mtu aliyewahi kuona barafu ikielea?"

"Wewe umeiona ncha ya kaskazini?"

"Sijaiona. Nimeona upepo, nimeona maji, nimeona barafu. Huko kaskazini kuna kitu gani cha nne?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Edgar akafunga kalamu yake. Akasema kwamba kama ni suala la kuona, yeye hana neno, aonyeshwe, lakini ataonyeshwa wapi?

"Twende kiwandani."

"Wanaruhusu wageni?"

Hawaruhusu, na Sesilia alilijua hilo. Mlinzi wa getini humzuia hata mchungaji. "Basi hapahapa uwanjani," akasema. "Jumamosi."

"Kwenye beseni?"

"Beseni ni dogo. Nitaleta friji."

Baada ya kipindi alikwenda ofisini kwa Mwalimu Monica, mwanamke wa rika lake, mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa mnyororo. Orodha ilikuwa imeshachapwa na iko mezani, majina arobaini na mbili. Monica alimwambia, kwa upole, kwamba orodha inafungwa Jumatatu saa sita mchana, kwamba Mwalimu Edgar ndiye mwenye somo, na kwamba mwaka si mwingi.

"Kwako si mwingi, dada Monica," Sesilia alisema. "Mie nimebakiza michache ya kuuza."

Friji bovu si kitu cha kutafuta mbali kwa watu wa Mtoni. Wauza samaki wote wanayo. Friji likishakufa mashine, hulazwa chali, mlango ukawa kifuniko, na ndani hujazwa barafu na samaki. Linaweka ubaridi kuliko kitu chochote cha kununua. Sesilia aliazima la Mwanakombo, shoga yake anayeuza changu na kolekole karibu na kituo cha mafuta. Mwanakombo aliuliza mara moja tu ni la nini. Alipoambiwa ni la mtihani wa jiografia alitazama juu, akasema, "Mwenzangu, lirudi Jumamosi kabla ya magharibi, nina mzigo," akaanza kuwahamishia samaki wake kwenye ndoo.

Barafu ndiyo iliyomtia Sesilia kwenye mawazo. Alitaka kuonyesha mambo matatu: maji matupu, maji yaliyofunikwa kabisa, na maji yenye vipande. Kwa lile la pili alihitaji bamba moja zima, pana kama friji lenyewe. Ijumaa asubuhi akaung'oa mlango wa friji, akauvua rafu zake, akaulaza kwenye chumba cha ubaridi cha kiwanda na kuujaza maji. Daniel, msimamizi, alipita akamwona, akauliza, "Mama, hii ni oda ya nani?"

"Yangu."

Kijana akaangalia mlango wa friji uliojaa maji, akamwangalia yeye, akaandika kitu kwenye karatasi zake na kwenda. Hakuwa mtu mbaya.

Jumamosi bamba likatoka safi, nene kama kiganja kilichosimamishwa ubavu, na lenye uwazi wa kioo katikati. Sesilia alilikabidhi kwa Bakari, mwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, ambaye kwa miaka kumi na mbili amekuwa akisambaza barafu kutoka kiwandani hadi Mbagala. Alimwambia alilaze kwenye maranda, alifunike kwa gunia, alipeleke kituoni kwa mwendo wa bibi harusi. Yeye akatangulia na feni ya mezani, waya mrefu alioazima duka la vifaa vya ujenzi, na sufuria yenye majani ya chai ya jana yaliyochemka mpaka yakazama.

Saa tisa na nusu friji lilikuwa juu ya matofali, limejaa maji karibu na ukingo. Wanafunzi walikuwa wamelizunguka, walinzi na sare zao, Loveness na chanuo kichwani. Mwalimu Edgar alisimama upande mmoja, mikono kifuani. Mwalimu Monica aliangalia kutoka mlangoni pa ofisi.

Bakari aliingia na guta akihema, akafunua gunia kwa majivuno.

Chini ya gunia kulikuwa na vipande. Vikubwa kama sahani, vidogo kama ngumi, vimevunjwa vizuri kwa rungu, kama anavyowavunjia wateja wake wote kabla hajashusha, kwa sababu hakuna muuza samaki anayepokea barafu nzima. Ni ustaarabu wa kazi. Mwenye guta anayeshusha barafu bila kuivunja huonekana mvivu.

Sesilia alitazama vile vipande.

"Bakari."

"Naam, dada Sesi."

"Nani kakwambia uvunje?"

"Sasa utaitumiaje nzima?" Bakari alishangaa kwa moyo mmoja. "Mie nikaona leo umechoka, nikavunja hukohuko. Nimepiga ndogondogo, nikajua dada atafurahi."

Loveness alijifunika mdomo. Mlinzi mmoja alikohoa. Edgar akasema taratibu, bila kejeli, "Mama, kama haiwezekani, haina shida. Tunaweza kuliacha."

Hapo ndipo watu wengi wangeliacha. Jua lilikuwa kali, barafu ilikuwa ikitoa jasho kwenye guta, na mtu aliyetayarisha mambo matatu alikuwa amebaki na mawili. Sesilia alisimama akihesabu kitu kichwani. Ubishi wao haukuwa juu ya kifuniko. Kwamba kifuniko hufunika, walikubaliana tangu Jumatano. Ubishi ulikuwa juu ya vipande, na vipande ndivyo vilivyokuja.

"Tusiache," alisema. "Loveness, washa feni."

Alikuwa ameielekeza feni kwenye kona, ipulize kwa kufuata ubavu mmoja wa friji, kama upepo wa mlangoni unavyofuata ukuta wa bwawa. Akamwaga majani ya chai. Yalishuka polepole, yakalala chini, meusi juu ya plastiki nyeupe. Feni ikapuliza. Uso wa maji ukakunjamana, ukang'aa, ukatetemeka. Kila mtu akainama. Chini, majani machache yalijivuta kidogo, mengine hayakusogea. Edgar alishika muda kwenye simu. Dakika tano zikapita na majani yalikuwa karibu palepale.

"Maji matupu," Sesilia alisema. "Mmeona. Sasa lete barafu, Bakari. Nusu kwanza."

Vipande vikaingia vikigongana. Vile virefu vilisimama juu ya maji kama vigae, na chini ya maji vilikuwa na miguu mirefu zaidi. Feni ikavikuta. Vikaanza kutembea kufuata ubavu, kimoja kikisukuma kingine, vikafika mwisho, vikageuka, vikarudi kwa upande wa pili.

"Vinatembea, sawa," Edgar akasema. "Feni inavipuliza. Hilo halinionyeshi kwamba maji..."

"Usivitazame vipande, mwalimu. Vinakudanganya. Tazama majani."

Edgar akapiga magoti kwenye vumbi. Suruali yake ilikuwa ya kijivu, ya pasi. Kupitia mwanya kati ya vipande aliona chini, na chini majani ya chai yalikuwa yameamka. Yalijikokota mwanzoni, kisha yakainuka kama moshi mweusi, yakazunguka friji zima kwa kufuata kuta. Dakika ya tatu hapakuwa na jani hata moja lililolala.

Feni ilikuwa ikiunguruma.

"Hivi ndivyo chujio langu linavyoziba," Sesilia alisema.

Loveness akadakia. "Zidisha basi, Mama Barafu. Kama nusu inafanya hivi, ijaze yote tuone itaruka."

Bakari, aliyekuwa na deni la rungu moyoni, hakungoja ruhusa. Alimwaga barafu yote iliyobaki kwenye guta. Vipande vilibanana, vikapandana, vikaziba kila mwanya kutoka ukuta hadi ukuta. Feni ikapuliza vilevile. Barafu ikalia mara moja, mlio wa meno yanayosagana, ikakwama. Haikusogea tena. Sesilia aliinua kipande kimoja pembeni ili wachungulie. Mzunguko wa chini ulipungua huku wakitazama, kwa haraka kuliko walivyotegemea, maana barafu iliyosimama ilikuwa imeyashika maji kwa miguu yake ileile na sasa inayazuia. Majani yakashuka. Yakalala.

Edgar aliinuka, akajipangusa magoti.

"Kwa hiyo mwongozo haukukosea," alisema, karibu kwa kujiuliza.

"Haukukosea. Umesema kweli ya siku bwawa limejaa. Mie nimesema kweli ya siku limevunjika. Swali lako halikutaja siku."

Alitoa vipande vinne, akavirusha kwenye guta. Iliyobaki ikalegea, ikaanza kutembea, na chini majani yakaamka tena. Alifanya hivyo mara ya pili bila kuombwa, kutia na kutoa, kama mtu anayefungua na kufunga bomba la nyumbani kwake. Na ndipo alipogundua kwamba lile bamba zima alilolihangaikia siku mbili lisingeweza kuonyesha haya. Lingefunika, basi.

Edgar alisogea kwenye kivuli cha mlimau na simu yake, akasoma kwa muda mrefu, akikuza maandishi kwa vidole viwili. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, si wa aibu, wa mtu aliyekuta mlango kwenye ukuta wa chumba anacholala kila siku.

"Wamelipima," alisema. "Huko kaskazini. Barafu ikiwa nene na imebanana, upepo hauyapati maji. Ikipungua ikaachana, upepo unaikamata, nayo inayakokota maji kuliko yangekuwa wazi. Kuna duara kubwa la maji huko, linazungushwa na upepo, na barafu ndiyo inayoamua lizunguke kiasi gani. Mara inasukuma, mara inafunga breki."

"Nani kapima?"

"Watu wenye meli. Na satelaiti."

"Wana chujio?"

Safari hii Edgar alicheka, na darasa likacheka naye. Lakini Sesilia alikuwa ameshanyoosha mkono, kiganja juu, ule mkono uliopauka. Alikuwa anataka karatasi.

Edgar alisahihisha palepale, karatasi ikiwa juu ya rundo la matofali. Aliandika sita. Akaeleza alipokata: hakuandika kwamba barafu iliyobanana huzuia, na hakuandika kwamba dunia inavyozunguka huyapindisha maji yasifuate upepo moja kwa moja.

Sesilia alisoma jibu lake upya, midomo ikitembea. "Hapo umenikata haki," alisema. "La kubanana nililijua, nikaona kila mtu analijua. La dunia sikuliandika kwa sababu bwawa letu halizunguki."

Ishirini na sita na sita. Aliipeleka karatasi ofisini yeye mwenyewe.

Mwalimu Monica aliitazama, akavaa miwani, akavuta orodha. Alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Chini ya jina la arobaini na mbili, lililochapwa, aliandika kwa kalamu ya bluu: 43. Sesilia Nang'unda. Kisha kwenye safu ya mwisho, safu ya maelezo, akaandika maneno mawili na kumgeuzia asome. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la kweli.

Kwa huruma.

Nje, Mwanakombo alikuwa amefika kudai friji lake na alisikika akimwuliza Bakari kama maji yale ya chai yatawatia samaki harufu.

"Futa, dada Monica," Sesilia alisema.

"Nini tena? Jina si limeingia?"

"Jina liache. Futa hayo mengine."

"Jamani, dada Sesi. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Matokeo yalishatangazwa, imebidi tukuangalie kwa namna yake. Nani atasoma hapo?"

"Mie nimesoma."

Monica akavua miwani. Akasema kwamba wapo watu ambao wangeondoka sasa hivi wakishukuru. Sesilia akakubali kwamba wapo. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba amepewa kiti kwenye ofisi nyingi na kuambiwa mambo kwa upole, na kila mara amekuwa akitoka na upole huo bila kitu kingine. Hakuhurumiwa na feni. Hakuhurumiwa na majani ya chai. Mwalimu Edgar amemkata alama nne na angeweza kumwachia hata mbili. Kwa hiyo kama maneno yale hayafutiki, basi lifutwe na jina, na Jumatatu saa mbili asubuhi atakuja na friji lingine.

Walitazamana, wanawake wawili wa rika moja, kila mmoja akiwa ameshachoka na Jumamosi ile. Kisha Monica akachukua kalamu na kuyapiga mstari yale maneno mawili, mara mbili ili yasisomeke. Juu yake akaandika, kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha: amefaulu.

"Umeridhika?"

"Ahsante, mwalimu mkuu."

Aliposhuka ngazi, friji lilikuwa limeshamwagwa. Maji yalikuwa yakikimbia kwenye vumbi la uwanja na kuyabeba majani ya chai mpaka chini ya mlimau. Vipande vya barafu Mwanakombo alikuwa anavikusanya kwenye ndoo yake, maana barafu haitupwi. Loveness alimsaidia kubeba ndoo upande mmoja.

"Mama Barafu," alisema. "Mtihani wenyewe ukija na jangwa, utaleta nini?"

"Wewe ulete mchanga," Sesilia akamjibu. "Mie nitaleta feni."

Jumatatu orodha ilibandikwa ukutani. Majina arobaini na mbili ya mashine, na moja la mkono, la bluu, chini kabisa, lenye doa la wino uliofuta kitu pembeni yake. Fundi bomba mmoja aliuliza hilo la mwisho ni la nani, mbona limeongezwa.

Asubuhi hiyohiyo, kiwandani, kusi ilikuwa imeingia mlangoni. Daniel alisimama kando ya bwawa na karatasi zake, akamsubiri Sesilia amalize kufunga mkanda wa aproni.

"Mama, leo tuweke mtu wa chujio?"

Sesilia alitazama bwawa. Lilikuwa na vipande vya mkebe uliopasuka, vingi, vyenye nafasi ya kutembea, na tayari vilikuwa vimeanza kufuata ukuta.

"Muweke," alisema. "Na uandike kwamba ni mie niliyesema. Andika na sababu."

Daniel akatafuta mahali patupu kwenye karatasi, akaandika, na Sesilia akasimama karibu yake kuhakikisha.